Kuuza nyumba Uingereza kwa msaada wa mitandao

Mnunuzi wa nyumba nchini Uingereza mara nyingi huiona kwanza kwenye simu yake, kabla hajakanyaga kizingiti. Tovuti ya Rightmove, iliyoanzishwa mwaka 2000, haipokei matangazo moja kwa moja kutoka kwa mwenye nyumba; sharti yapitie kwa wakala. Hivyo baadhi ya wauzaji hujitafutia wateja pia kupitia Facebook, iliyofungua soko lake la Marketplace mwaka 2016.

Lakini tangazo haliokoi nyumba iliyovurugika. Picha zipigwe mchana, mapazia yakiwa wazi, kamera ikiwa usawa wa kifua. Picha za familia na barua zenye anwani ziondolewe, wala si kwa ajili ya urembo tu: wezi nao hupitia mitandao. Kwa sababu hiyo hiyo, zisitajwe siku ambazo nyumba haina mtu.

Nyufa na ukungu visifichwe kwa rangi. Mkaguzi wa mnunuzi huenda akavigundua, na katika England na Wales mnunuzi kwa kawaida anaweza kujitoa bila adhabu hadi pande mbili zibadilishane mikataba. Huko pia cheti cha matumizi ya nishati, kinachodumu miaka 10, lazima kiwe kimeagizwa kabla nyumba haijatangazwa, hata kama tangazo lenyewe ni la Facebook.