Je, Wajua? Baiskeli Ibebwayo Begani

Je, wajua kwamba iko baiskeli ambayo mpandaji wake, hata awe bingwa wa dunia, hulazimika mara kwa mara kushuka na kuitwika begani, akipanda ngazi au kilima cha tope kwa miguu? Hiyo ndiyo baiskeli ya saiklokrosi, mchezo wa majira ya baridi uliostawi Ufaransa, ambako mwaka 1902 askari mmoja, Daniel Gousseau, alitayarisha mashindano ya kwanza ya taifa. Na mwaka 1950 ubingwa wa kwanza wa dunia, ulioshindaniwa Paris, ukatwaliwa na Mfaransa Jean Robic.

Kwa umbo haitofautiani sana na baiskeli ya mashindano ya lami, kwani usukani wake nao umepinda kuelekea chini. Lakini tairi zake zina meno ya kushika udongo, na baina ya tairi na fremu imeachwa nafasi ya kutosha ili tope lisizuie magurudumu. Katika mashindano makubwa kanuni hazimruhusu mtu kutumia tairi zenye upana unaozidi milimita 33, ila msafiri wa kawaida hafungwi na sharti hilo.

Basi anayetoka barabara ya lami na kuingia njia ya changarawe au msitu hana haja ya kubadili chombo: hupunguza upepo kidogo, tairi ikatanuka na kushika ardhi barabara, kisha arudipo lamini huuongeza, ili baiskeli iende kwa wepesi.