Kupima na Kukadiria: Istilahi za Uchanganuzi wa Miwa kwa Miale

Ng'ambo ya Ziwa Viktoria kutoka Mwanza, wilayani Missenyi, kipo kiwanda cha sukari cha Kagera. Kama ilivyo katika viwanda vyote vya namna hii, kazi yake hushindana na saa. Muwa ukishakatwa, sukrosi yake huanza kuvunjika kuwa glukosi na fruktosi, ambazo huishia katika molasi badala ya kuganda kuwa sukari. Kwa hiyo majibu ya maabara yanayochelewa hayana faida kubwa. Katika makala haya tunakusudia kueleza njia ya upesi ya uchanganuzi, pamoja na istilahi zake.

Maabara hutegemea vipimo viwili vya zamani. Briksi ni asilimia ya yabisi zilizoyeyuka katika maji ya miwa. Poli ni kiasi cha sukrosi kinachoonyeshwa na polarimeta, chombo kipimacho jinsi sukari inavyouzungusha mwanga unaotikisika katika bapa moja. Uwiano wa poli kwa briksi huitwa usafi. Neno hili hapa halihusu takataka hata kidogo.

Spektroskopia ya infraredi hufuata njia nyingine. Miale isiyoonekana kwa macho, yenye urefu wa mawimbi wa nanometa 780 hadi 2,500, humulika miwa iliyosagwa au maji yake. Sukrosi, maji na nyuzi hufyonza miale hiyo kila kimoja kwa namna yake, na majibu hupatikana kwa muda mfupi sana. Viwanda vya Australia vilianza kuitumia njia hii katika miaka ya 1990.

Hata hivyo, chombo hiki hakipimi sukari yenyewe. Hulinganisha ufyonzaji wa miale na ule wa sampuli nyingi zilizokwisha kupimwa maabarani. Kazi hiyo ya awali tunaiita ulinganishaji. Ikiwa sampuli hizo zilikuwa za miwa ya aina nyingine, jibu laweza kupotoka, hata likiandikwa kwa desimali tatu. Kwa sababu hiyo tunapendekeza jibu la miale liitwe kadirio, na neno kipimo liachiwe maabara.

Tofauti hii inamhusu pia mkulima anayelipwa kwa utamu wa miwa yake. Akisoma kadirio katika hati yake, atajua kwamba anaweza kuuliza limelinganishwa na sampuli zipi, na lini.