Marashi ya Ndimu na Jua la Kibaigwa

Soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, lipo kando ya barabara kuu iendayo Dodoma kutoka Morogoro, na kazi zake nyingi hufanyika juani: kushusha magunia, kupima, kuchekecha, kupakia tena. Wakati wa kiangazi mawingu huwa haba, vumbi la pumba hushika mwili, na aliyeoga alfajiri hulowa jasho kabla ya saa nne. Si ajabu basi mtu wa mji kama huo akipendelea marashi mepesi yanukiayo ndimu, mchaichai na mrehani, ambayo wauzaji huyapamba kwa picha za minazi na mawimbi, kuliko yale mazito ya udi na miski.

Harufu hiyo haikai. Molekuli zinazoipa ndimu na chungwa ukali wao, hasa limonini, ni nyepesi na huruka upesi. Ngozi ikiwa na joto, huruka upesi zaidi. Ndiyo maana marashi yaliyopakwa asubuhi huwa yamekwisha kabla ya adhuhuri, na mwenye chupa huitoa mfukoni akajipulizia tena shingoni, jua likiwa utosini. Lakini kilichoruka si vyote vilivyokuwamo.

Maganda ya baadhi ya matunda ya jamii ya michungwa yana kemikali ziitwazo furanokumarini. Hizi ni nzito, haziruki pamoja na harufu, bali hubaki juu ya ngozi. Gizani hazina neno. Zinapopigwa na mionzi ya urujuanimno ya aina A, yenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 320 na 400, huamka na kujifunga kwenye vinasaba vya seli za ngozi, na seli hizo hudhurika kana kwamba zimeungua. Huu si mzio. Mzio huwapata wachache ambao mwili wao umejifunza kukikataa kitu fulani, ilhali madhara haya yaweza kumpata yeyote, hata siku ya kwanza, mradi kemikali na mwanga vikutane kwa kiasi cha kutosha. Wala kukaa ndani ya gari si kinga kamili, kwani kioo cha kawaida cha dirisha la pembeni hupitisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Madereva wa malori walifikirie jambo hili.

Dalili huchelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakowapoteza wengi. Maumivu ya kuchoma huanza baada ya saa 24 hivi na kufikia kilele siku ya pili au ya tatu, pengine pamoja na malengelenge. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo mara nyingi kinachotambuliwa kwanza ni weusi uliokolea, wenye umbo la njia ambayo tone lilipitia: mstari kutoka chini ya sikio hadi kwenye mtulinga. Mwaka 1916 daktari Freund alieleza habari za wagonjwa walioota madoa ya namna hiyo baada ya kujipaka maji ya Cologne, marashi ambayo yalianza kutengenezwa katika mji huo wa Ujerumani mwaka 1709 na ambayo harufu yake hutokana na begamoti, tunda lenye begapteni nyingi, mojawapo ya furanokumarini. Mwaka 1925 Rosenthal aliupa ugonjwa huo jina lenye maana ya kidani, kwa kuwa doa lilining'inia shingoni kama pambo.

Doa hilo hukaa wiki nyingi, hata miezi. Hatari iliyo kubwa kuliko doa lenyewe ni kulikosea. Hudhaniwa kuwa fangasi, au uchafu, na mwenye nalo hukimbilia krimu za kung'arisha zenye steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki, akabadilisha tatizo ambalo lingejiondokea kwa tatizo lisiloondoka. Hutokea pia kwamba mama aliyekuwa akikamua ndimu humshika mtoto juani bila kunawa, na siku mbili baadaye alama za vidole zikajitokeza mgongoni mwa mtoto. Asiyejua huweza kudhani amepigwa au amechomwa.

Si kila harufu ya chungwa ina lawama. Mafuta ya chungwa tamu hayana madhara haya, na mafuta ya ndimu yaliyopatikana kwa kuvukizwa hayana pia, kwa sababu furanokumarini hubaki nyuma wakati mvuke unapopanda. Yanayohofiwa ni yale yaliyokamuliwa kutoka ganda. Kanuni za kimataifa za watengenezaji manukato huweka ukomo wa asilimia 0.4 kwa mafuta ya begamoti na asilimia 0.7 kwa ya ndimu katika bidhaa ibakiayo kwenye ngozi ipigwayo na jua. Chupa iliyotengenezwa kwa kufuata kanuni hizo haina sababu kubwa ya kuogopwa. Wasiwasi ni kwa ile iliyojazwa upya isiyo na maelezo, kwa mafuta yanayochanganywa nyumbani kwa kukisia, na kwa ndimu mbichi inayosuguliwa kwapani au usoni kabla ya kutoka.

Pwani yenyewe, ambayo jina lake hutumika kuuzia marashi haya, ina desturi inayofaa kuigwa. Nguo hufukizwa udi juu ya chetezo. Kikuba cha asumini na mrehani hubandikwa kwenye vazi au nywele. Na kanzu ya Kiomani ina kishada shingoni ambacho hutiwa manukato. Harufu imewekwa kwenye kitambaa. Anayefanya kazi sokoni anaweza kupulizia pindo la kanga au upande wa ndani wa shati, ambako pia hudumu zaidi kuliko kwenye ngozi yenye jasho, akiwa mbali na moto kwa sababu ya alkoholi. Kwa mtu mwenye ualbino ushauri huu ni wa lazima, maana ngozi yake haina melanini ya kuipunguza mionzi.

Chupa nayo isiachwe kwenye joto la gari. Limonini, na linaloli iliyomo katika mrehani na lavenda, zikikutana na hewa kwa muda mrefu hugeuka kuwa vitu vinavyoleta mzio wa kweli: upele unaowasha, unaorudi kila marashi yanapotumika. Wenye pumu nao huweza kubanwa kifua kwa harufu kali ya jirani yao.

Aliyekwisha kujipaka akatambua kosa aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni mapema na kupafunika pasipigwe na jua kwa siku tatu. Kitambaa chenye maji baridi hupunguza maumivu. Malengelenge yasipasuliwe, yakienea, yakiwa karibu na macho, au mgonjwa akiwa mtoto, aende kituo cha afya na aeleze alichopaka na saa aliyokuwa juani, kwa kuwa maelezo hayo mawili hutosha mara nyingi kumwonyesha tabibu ugonjwa. Weusi utakaobaki hauhitaji krimu. Huhitaji kofia pana, kola au kanga ya kuufunika mchana, na muda.