Nanga Nzuri ni Ile Inayojizika Tena

Anayenunua nanga ya boti ya matanga ambayo ndiyo nyumba yake, aghalabu huanza kwa kuuliza ina kilo ngapi. Swali hilo lina haki yake, ila si la kwanza. Nanga ya chombo kidogo haishiki kwa uzito wake, bali kwa mchanga au tope linalolikandamiza kombe lake likishazama. Ndiyo maana Lloyd's Register, taasisi ya Uingereza ya kukagua vyombo, haitambui nanga kuwa ya daraja la juu kabisa la kushika mpaka majaribio yaonyeshe kwamba inashika angalau mara 4 ya nanga ya kawaida yenye uzito uleule. Kilo hazikuongezeka, kilichobadilika ni umbo.

Hata hivyo, nguvu ya kushika ikivutwa upande mmoja haimtoshi mtu anayelala chomboni. Katika hori kama la Kilifi, mkondo hugeuka kila baada ya saa 6 hivi, maji yakijaa na kupwa, na boti hugeuka nao. Nanga iliyovutwa kutoka mashariki jioni, usiku wa manane huvutwa kutoka magharibi. Ikichomoka, lazima ijizike tena bila msaada wa mtu. Hapo ndipo maumbo hupambanuka. Danforth, nanga ya Kimarekani yenye makombe mawili mapana na bapa, hushika vizuri sana mchangani, lakini ikichomoka, kipande cha jiwe au kombe la chaza kinaweza kukwama kwenye bawaba yake na kuizuia isizame tena. CQR, iliyobuniwa na mwanasayansi Mwingereza Geoffrey Taylor mwaka 1933 kwa umbo la plau, mara nyingi huteleza ubavu kwenye mchanga mgumu. Spade ya Ufaransa na Rocna ya New Zealand zina kombe lililobonyea lenye ncha kali. Ya kwanza imetiwa risasi kwenye ncha. Ya pili ina upinde wa chuma unaoigeuza ikianguka kichwa chini. Zote mbili zimeundwa ili ncha itangulie kugusa ardhi, na hicho ndicho kigezo kinachostahili kutangulia vingine.

Wapo wanaosema kinachoshika ni mnyororo mzito. Katika upepo mwanana hawakosei: mnyororo hulala chini na kuivuta nanga kwa ulalo. Lakini upepo ukitoka noti 15 hadi 30, nguvu yake juu ya boti huongezeka mara 4, mnyororo ukanyooka, na kinachobaki kuamua ni urefu uliotolewa. Unguja, wakati wa bamvua, maji hupanda karibu mita 4. Aliyetia nanga maji yamekupwa, kina mita 5 na omo mita 1 juu ya maji, akatoa mita 30, ametoa mara 5 ya kimo hicho. Maji yakijaa, kimo ni mita 10 na uwiano umeshuka hadi mara 3. Kosa hilo halirekebishwi na nanga yoyote.

Wengine hukumbusha kwamba mabaharia wamezunguka dunia kwa CQR. Ni kweli, lakini hilo linathibitisha ustadi wao wa kuisubiri izame na kukesha upepo ukigeuka. Wengine husema hakuna nanga inayofaa kila sakafu ya bahari, nao pia wana hoja: majani mazito na mwamba huzishinda nyingi, na tope laini hutaka kombe pana. Jibu ni kubeba nanga ya pili ya umbo tofauti, na Danforth inafaa nafasi hiyo. Umbo likishachaguliwa, hapo swali la kilo linarudi kwa haki: nunua kubwa kadiri omo na winchi zinavyoweza kubeba. Kisha ijaribu kila mara uitiapo. Rudisha boti nyuma kwa injini polepole ukiangalia alama mbili za nchi kavu zilizo mstari mmoja. Zikiachana huku mnyororo umekazika, nanga inaburuta, nawe unapaswa kuing'oa na kuanza upya kabla ya kulala.