Usasishaji wa Vifurushi vya Nje katika Programu Huria: Mfano wa DHIS2

Takwimu za vituo vya afya zinazoifikia Wizara ya Afya jijini Dodoma hupitia DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Ndani yake mna vifurushi vilivyotungwa na watu wengine. Desemba 2021 ilitangazwa kasoro kubwa ya kiusalama katika kimojawapo, Log4j, kinachohifadhi kumbukumbu za matukio ya mfumo. Marekebisho ya toleo 2.15.0 hayakutosha, 2.16.0 na 2.17.0 yalifuata mwezi huohuo. Kusasisha mfumo endeshi wa seva pekee hakukuondoa hatari, kwa kuwa usasishaji huo haugusi kifurushi kilichofungwa ndani ya programu. Hivyo, msimamizi asiye na orodha ya vifurushi na matoleo yake hawezi kujua kama mfumo wake u salama.