Motokaa ya Dizeli kwa Mkulima: Fupi au Stesheni Wagoni?

Katika mashamba ya makazi ya Koru, Songhor, Chemelil na Muhoroni, swali hili huulizwa kila mara fedha za miwa zinapolipwa: Je, jamaa ya mkulima inunue motokaa ya namna gani? Wengi hutaka ya dizeli kwa kuwa wamesikia kwamba haili mafuta mengi. Neno hilo ni kweli, lakini halimfai kila mtu. Kabla ya kutoa fedha zako, fikiri kwanza juu ya mambo yafuatayo.

Namna mbili za motokaa

Namna ya kwanza ni motokaa fupi. Mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu, na mahali pa mizigo ni padogo, nyuma tu ya kiti cha abiria. Mfano wake ni Mazda Demio. Namna ya pili ni stesheni wagoni, ambayo paa lake limenyooka mpaka nyuma ili mizigo ipate nafasi.

Wazee wa huku wanazijua stesheni wagoni tangu zamani. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1966, 1967 na 1968. Peugeot 504 ikashinda mwaka wa 1975 na wa 1978. Lakini stesheni wagoni ya 504 haikupendwa kwa sababu ya ushindi tu. Nyuma ilikuwa na springi nne, mbili kila upande, na iliweza kuwa na safu tatu za viti. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na Toyota Probox, iliyotolewa Japani mwaka wa 2002.

Mzigo una kipimo chake

Probox ya kazi ilipimwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, na kilo 250 tu ikiwa na watu watano. Basi fanya hesabu. Gunia la mahindi ni kilo 90. Mkiwa wawili, magunia manne ni kilo 360, yanafaa. Mkiwa watano, magunia mawili ni kilo 180, yanafaa. Lakini la tatu hufanya kilo 270, nalo limezidi. Mzigo uliozidi huvunja springi, hupasua tairi, na hufanya breki zichelewe kushika. Katika mteremko hapo ndipo watu hufa.

Fungeni mizigo kwa kamba, wala msiipange juu kupita migongo ya viti. Gari likisimama kwa ghafula, gunia litaruka mbele na kumpiga mtoto aliyeketi pale.

Faida ya dizeli na matata yake

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hewa hubanwa kwa nguvu mpaka inakuwa moto sana, ndipo mafuta hunyunyizwa ndani na kuwaka yenyewe. Kwa hivyo hupata kazi nyingi katika lita moja, na huvuta vizuri mlimani, kama vile mtu anapopanda kutoka uwanda wa Kano kwenda Koru. Lakini pampu yake na nozeli zake ni vitu vya bei kubwa, navyo huharibiwa upesi na maji au uchafu katika mafuta.

Januari 2015, kiasi cha salfa katika dizeli ya Kenya kiliwekewa mpaka wa sehemu 50 katika milioni. Kwa sababu hiyo motokaa za kisasa za dizeli zaweza kutumika huku. Hata hivyo, nunua mafuta kwenye kituo kinachojulikana, si katika madebe kando ya njia. Watu wengine huchanganya dizeli na mafuta ya taa. Uovu huo ulienea hata Serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka wa 2018 ili kuuzuia.

Tena, dizeli za kisasa, kama Demio ya lita 1.5, zina chombo cha kukamata masizi katika njia ya moshi. Masizi hayo huungua yenyewe injini ikiwa moto kwa safari ndefu. Mtu aendaye kilometa tatu mpaka sokoni na kurudi kila siku, masizi yake hayaungui. Chombo huziba, injini hukosa nguvu, na gharama ya kutengeneza ni kubwa.

Hesabu ya mafuta

Tuseme dizeli huenda kilometa 18 kwa lita moja, na petroli kilometa 13. Tuseme pia lita ya kila namna ni shilingi 170, na motokaa ya dizeli imezidi bei kwa shilingi 200,000.

Mkulima aendaye kilometa 1,000 kwa mwezi ataokoa lita 21, yaani kama shilingi 3,600. Atarudisha fedha zake kwa muda usiopungua miaka minne. Mkulima aendaye kilometa 300 ataokoa lita sita na kidogo, yaani kama shilingi 1,090. Huyu atangoja miaka 15, na gari litakuwa limechakaa. Weka bei za mwezi huu na mwendo wako mwenyewe, kisha upige hesabu hiyo hiyo.

Ni ipi basi?

Sheria ya Kenya hairuhusu kuagiza gari la zamani lililopita miaka minane. Probox za dizeli za lita 1.4 zilitengenezwa miaka ya mwanzo tu, kwa hivyo zinazopatikana ni zile zilizokwisha kuingia nchini. Mazda Atenza stesheni wagoni ya dizeli ni nzuri kwa barabara ya lami, lakini iko chini, nayo si rafiki wa udongo mweusi wa Kano wakati wa masika.

Ikiwa unakwenda Kisumu mara nyingi kwa wiki, na huchukui mizigo mizito, dizeli fupi itakufaa. Ikiwa unachukua magunia, mbolea na mitungi ya maziwa, chagua stesheni wagoni. Na ikiwa safari zako ni fupi, ichukue ya petroli bila kuona haya.

Mambo matatu usiyasahau. Kwanza, mpe fundi wako mwenyewe kazi ya kuikagua motokaa kabla ya kulipa. Pili, hakikisha jina la mwenyewe katika kumbukumbu za NTSA, kisha mhamishe jina mara moja. Tatu, usichukue abiria wa kulipa nauli kwa bima ya gari la binafsi. Ajali ikitokea, kampuni ya bima yaweza kukataa kulipa, nawe utauza ng'ombe, au hata shamba, kulipa madai.