Kiarabu Kipi Huzungumzwa Jikoni Amman?

Mwanafunzi aliyesoma Kiarabu chuoni miaka miwili akifika Amman, Jordan, kukaa na familia hukwama mezani siku ya kwanza. Akitaka kitu husema "uriidu". Mama mwenye nyumba husema "biddi". Neno alilolizoea kwa maana ya sasa ni "al-aan", hapa anasikia "halla". Angefikia Cairo ingekuwa "dilwa'ti", na Rabat "daba". Si kwamba alifundishwa vibaya. Mwaka 1959 mwanaisimu Charles Ferguson aliieleza hali hii na kuiita daiglosia: jamii inatumia fusha kwa vitabu, hotuba na taarifa ya habari, kisha ikifika nyumbani inazungumza ammiya. Fusha hakuna anayeipata kwa mamaye. Mtoto wa Kiarabu naye huenda kuisomea.

Kwa hiyo unapochagua familia ya kukaa nayo, mimi ningetanguliza jambo moja kabla ya ukubwa wa chumba au umbali wa chuo: kuna mtoto wa shule ya msingi? Alasiri mtoto hutandaza daftari mezani na kusoma kifungu kwa fusha, herufi zikiwa na irabu zake zote. Akikwama, mama humfafanulia kwa ammiya. Mgeni aliyeketi kando yao hupata sentensi ileile kwa lugha mbili, bila ada ya ziada, na hakuna mwalimu wa chuo anayeweza kumpa somo hilo kila siku. Hata runinga ina zamu zake. Katuni nyingi hutiwa sauti kwa fusha, habari pia ni fusha, lakini tamthilia za Kituruki zilizopendwa sana Uarabuni zilitiwa sauti za Kisyria, ambazo haziko mbali na maongezi ya Amman.

Matamshi yana mitego yake. Ile herufi qaf ya kitabuni, akina mama wengi wa mjini huimeza kooni, na kahawa ikawa "ahwe". Wanaume wengi wa Jordan huitamka g: "gahwa". Kijana wa kiume anayeshinda jikoni na mama mwenye nyumba na mabinti zake ataongea kwa ufasaha, lakini kwa sauti itakayowachekesha vijana wenzake kijiweni. Atenge jioni za kukaa na baba na wajomba pia.

Wengi wa vijana wetu wa Afrika Mashariki wanaokwenda kusoma Al-Azhar au Madina hukaa mabwenini. Bweni lina nafuu yake, hasa kwa mfuko, ila jioni Kiswahili hurudi chenyewe. Nimewaona waliohitimu huko wakifungua kitabu cha fiqhi bila kusita, kisha wakababaika wakiulizwa habari za mtoto mgonjwa.

Kuishi na watu kuna adabu zake, na nyingine hazimo kwenye kitabu chochote cha sarufi. Maji ya bomba Amman huja kwa mgao, mitaa mingi mara moja kwa wiki, na familia huyahifadhi kwenye matangi juu ya paa. Mgeni anayeoga nusu saa anaoga maji ya nyumba nzima, na khalto (ndivyo atakavyomwita mama mwenye nyumba) huenda asimwambie neno. Ijumaa kukiwa na mansaf, wali na nyama katika mchuzi wa mtindi uliokaushwa, sahani yako itajazwa tena hata ukisema umeshiba. Kataa mara ya tatu, si ya kwanza.

Adui mkubwa ni Kiingereza. Watoto wa nyumba wanataka kukifanyia mazoezi, na wewe umechoka, basi mnakubaliana bila kusema. Pangeni mapema, wiki ileile ya kwanza: Kiingereza kiwe kwa muda wa saa moja, baada ya chakula cha jioni, tena kwa ajili ya masomo yao. Ukingoja mwezi upite, watakuwa wamekuzoea kwa Kiingereza, na kuwabadilisha hapo ni kazi ngumu kuliko sarufi yenyewe.